Kama Ungefika Leo Tu

Mwanangu Dieudonné, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sikutaka kuikumbuka tena, nawe Jumapili iliyopita uliirudisha yote mbele ya macho yangu. Uliirudisha pale ulipomnyamazisha Mama Rehema.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, ili na vijana wengine waliopewa kuongoza watu wasikie, wasiseme mzee amekasirika bure. Tulikuwa tumetoka misa. Wewe, mtoto wa marehemu dada yangu, rais mpya wa komite ya wazazi hapa Saio, ulituita tuje tuone madarasa mapya ya shule, yale yaliyojengwa ukingoni mwa korongo. Mabati yalikuwa yanang'aa kweli. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Ndipo Mama Rehema, ambaye nyumba yake inapakana na shule, akasimama. Akasema ukuta wa nyuma umepasuka, na kila mvua kubwa ikinyesha ufa unapanuka, na udongo wa korongo unazidi kukatika kuja upande wetu. Akaomba watoto wasiingie mule kwanza, mpaka aje mtu anayejua kazi hiyo aangalie.

Nawe ukamjibu nini?

"Mama, tusilete mukosi hapa. Siye tulishafika ku mabati. Tutarudia nyuma namna gani?"

Watu wakacheka. Fundi wako naye akadakia kwamba ule si ufa, ni ukuta tu unazoea udongo. Wakacheka tena. Mama Rehema akaketi akajifunika kitenge chake mabegani, na hakuna aliyemgeukia hata kumpa pole. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula, mke wangu akadhani malaria imenirudia. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na mpaka sasa ninayo, sitakuficha.

Mukosi! Neno hilo nalifahamu vizuri. Nililisikia kwenye machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu kabla hujazaliwa, na nilimzika rafiki yangu kwa sababu yake.

Wakati ule nilikuwa kijana mwenye mikono tu. Nilitoka kwetu Mahagi nikafuata dhahabu kama wenzangu, nikaingia kazi katika shimo la mtu aliyeitwa Zakayo. Wachimbaji wa kule humwita mwenye shimo PDG, basi naye tulimwita hivyo, na alipenda kuitwa. Usidhani nitakuambia kwamba alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi sana. Zakayo alitulisha vizuri, aligawa bila hila, na mchimbaji akifiwa alimpa ruhusa na kitu cha kubeba. Tulimpenda. Shida yake ilikuwa kwamba aliwahi kufaulu.

Naam, kufaulu. Zamani, kabla sijafika, alikuwa amechimba mahali ambapo watu wote walimwambia hakuna kitu. Wakamcheka, akaendelea, akapata. Siku ile moja ilimharibu. Tangu hapo kila aliposikia mtu anasema hapana, moyo wake ulimwambia ndipo penyewe. Mara ngapi watu walisema hapana na kweli pakawa hapana? Hizo hakuzikumbuka. Aliikumbuka ile moja, akaisimulia kila jioni, na sisi tukaitikia kama watu walio kanisani.

Sasa ongeza na desturi ya pale. Katika mashimo yale ilikuwa mwiko kulisema shimo vibaya. Waliamini dhahabu inasikia, na ikisikia maneno ya woga inahama. Aliyesema shimo limekufa, au linapasuka, aliitwa mtu wa mukosi. Walimsukutua kinywa kwa maji ya majivu mbele ya wote, kisha wakamtoa kazini, akae na wanawake wanaotwanga mawe mpaka PDG atakapomrudisha. Kwa hiyo tulijifunza kusema kwa namna nyingine. Udongo ukidondoka kutoka pembeni, tulisema shimo linapumua. Maji yakichuruzika ukutani, tulisema shimo linatoa jasho, na jasho ni dalili ya kazi njema. Unaona? Kila kitu ambacho kingetukimbiza tulikipa jina zuri, halafu tukakaa nacho. Ukuta unazoea udongo! Fundi wako angefaa sana Mongbwalu.

Ubaya wake ni kwamba Zakayo hakuuona mwiko huo kuwa tatizo. Ulimfaa. Alikuwa na sahani yake, na wale waliokula naye sahani moja ndio waliomshauri. Ukija na habari njema, ulisogezewa nyama. Ukija na uso wa mashaka, ulipewa mchuzi ukale na wenzako nje. Hakupanga iwe hivyo, nadhani. Ni mtu tu, alipenda kula na watu wanaomfurahisha. Lakini siku zikapita, na pale sahanini hakubaki hata mmoja aliyeweza kumwambia jambo asilotaka kulisikia. Naye akatazama kulia na kushoto, akaona wote wanakubali, akasema, Basi, ni kweli.

Rafiki yangu aliitwa Ramazani. Alitokea upande wa Kisangani, Mwislamu mwenye utani mwingi, aliyeoa karibuni na mke wake alikuwa mjamzito. Tulilala kibanda kimoja. Alinicheka jinsi ninavyosali rozari kwa haraka asubuhi, nami nilimcheka jinsi anavyoimba vibaya. Alimwamini Zakayo kwa moyo wote. Alisema shimo lile litamnunulia mwanawe shati la kwanza.

Lile shimo lilikuwa halijatupa kitu kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeshakwenda chini sana, miti ya kuzuia udongo imekuwa michache kwa kuwa Zakayo hakutaka kuongeza gharama mahali ambapo, kwa maneno yake, tulikuwa tumeshakaribia. Kila wiki tulikuwa tumeshakaribia. Asubuhi moja baada ya mvua nikaona pale juu, nyuma ya mdomo wa shimo, ardhi imefunguka. Ufa ulipita kama mtu aliyechora kwa kisu, na mkono wangu uliingia wote. Sikuchagua maneno. Nilimfuata Zakayo nikamwambia wazi: shimo linapasuka, litaanguka, watu wasishuke.

Akaniangalia kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kama angenikasirikia ningejua kwamba amenisikia.

"Mutoto, uko na kinywa mubaya," akasema. "Siye tulishafika karibu, na weye unataka kufukuza zahabu ya batu?"

Wakanisukutua kwa maji ya majivu. Ramazani alisimama kando akicheka mpaka machozi, akaniambia eti leo nimepata dawa ya meno. Nikaenda kukaa na wanawake wanaotwanga mawe, majivu bado kwenye ulimi, nikiwa na aibu ya kijana aliyetukanwa mbele ya wanawake. Ndiyo maana niko hai, mwanangu. Niko hai kwa sababu walinifukuza.

Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, mama yake Zakayo akafika. Aliitwa Mama Veronika, mwanamke wa pwani ya ziwa, mrefu, mkimya, aliyekuja juu ya gari la mizigo kwa ile barabara mbaya, akiwa na kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi kule Tchomia. Tulifurahi wote, maana tulikuwa tumechoka na maharage. Wanawake wakaanza kuchemsha samaki. Zakayo akamletea mama yake kiti, akakiweka karibu na shimo, akaanza kumweleza kwa fahari: tumefika chini namna gani, watu wangapi wanamtegemea, jinsi watu walivyomcheka zamani akawashinda.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Hakutazama shimo, alimtazama mwanawe. Kisha akauliza polepole, na sisi wote tukasikia:

"Mutoto yangu, kama ungefika leo tu, haujapiga hata sululu moja hapa, ungechagua fasi hii?"

Zakayo akageuka akatazama shimo lake.

"Mama, nilishatumika kazi sana hapa. Siwezi kuacha sasa."

"Sikuuliza ya zamani. Nauliza ya leo."

"Weye unajua nini ya zahabu, mama?"

"Ya zahabu sijui. Nakujua weye. Toka utoto, ukipotea njia haukurudia nyuma. Ulikuwa unakaza mwendo."

Sijawahi kusikia mtu akielezwa kwa maneno machache namna ile. Na ninaamini kabisa, mwanangu, kwamba Zakayo aliusikia ukweli ule. Uso wake ulilegea. Kama tungekuwa hatupo, kama wangekuwa peke yao wawili jikoni kwao, angekubali. Lakini tulikuwepo. Wale wa sahani yake walikuwa wamesimama pale, na mmoja akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Nikaona uso unakakamaa tena. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu wake hafikirii tena jambo lenyewe, anafikiria ataonekanaje.

"Mushuke!" akaamuru. "Mushuke sasa hivi. Leo tutamuonyesha mama."

Samaki walikuwa bado motoni. Watu wakatazamana, maana haikuwa saa ya kushuka, lakini nani angesema? Ramazani akavua shati, akanikonyeza kutoka mbali, akashuka wa kwanza. Wengine wakamfuata. Mama Veronika akasimama kutoka kitini, akasema kwa sauti, "Basi na weye ushuke nao." Zakayo akacheka. Alikuwa hajashuka tangu siku nyingi. Kazi yake ilikuwa ya juu.

Udongo ulianguka kabla samaki hawajaiva. Sitakusimulia sauti yake. Tulichimba kwa koleo, kisha kwa mikono, hata wale wanawake walichimba, na Mama Veronika alipiga magoti kwenye matope na kuchimba kwa sahani ya bati. Wale wa nyuma tuliwatoa wakiwa hai, mmoja amevunjika mguu. Ramazani alikuwa mbele. Tulipompata, alikuwa ameshakufa.

Kwenye mazishi Zakayo alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akasimama akasema kwamba ni mapenzi ya Mungu, hakuna awezaye kuyapinga. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo yule mama, mwenye kucha zilizovunjika, akamkatiza mbele ya kaburi.

"Usimusingizie Mungu. Siku zahabu ilitoka ulisema ni akili yako. Sasa udongo umeanguka, unasema ni Mungu? Beba kitu yako."

Mwanangu, laiti ningeweza kukuambia kwamba alibeba. Watu wengi wanaosimulia hadithi hizi huwa wanamaliza hapo, kiongozi anaanguka kifudifudi na kutubu. Zakayo hakutubu. Baada ya matanga aliwakusanya wachimbaji, akafungua shimo jipya kando ya lile lile, hatua chache tu. Akawaambia kwamba kuacha sasa ni kumdharau Ramazani, damu yake itakuwa imemwagika bure. Na wakashuka! Wenzangu, waliokuwa wamembeba rafiki yangu kwa mikono yao wenyewe, wakashuka. Mwanzoni ilikuwa jasho letu lisipotee, sasa ikawa damu ya marehemu isipotee. Kadiri alivyopoteza, ndivyo alivyopata sababu ya kuendelea. Mimi niliondoka siku hiyo pamoja na Mama Veronika, juu ya mizigo ya gari lile lile. Mjane wa Ramazani tulimwacha akiwa bado hajajifungua, na mpaka leo sijui kama yule mtoto alipata shati.

Nimezeeka, nimeona viongozi wengi tangu hapo, wa mashimo, wa vijiji, wa makanisa, wa maofisi makubwa yenye viyoyozi. Nilikuwa nikidhani wenye madaraka wanakosea kwa sababu ni wezi au wajinga. Wapo, tena wengi. Lakini wengine ni watu wema wenye akili kama Zakayo, kama wewe, na bado wanatupeleka shimoni huku wakitabasamu. Hilo linanikasirisha kuliko wizi. Mwizi angalau anajua anachofanya.

Jumanne nilikuja kwako, unakumbuka. Nilikukuta unakula na fundi wako na watu wa komite. Nikakuomba usimamishe kazi. Ukaniambia kwa adabu, maana mama yako alikulea vizuri:

"Mujomba, wazazi walitoa jasho yao. Nikisimamisha leo, nitabaangalia na macho gani?"

Wote mezani wakakubali. Nikaaga nikaenda. Sikuweza kubishana, kwa kuwa nilikuwa namsikia Zakayo akiongea kwa kinywa chako.

Basi leo sikiliza, unaweza kukasirika baadaye. Jiulize swali la yule mama. Kama ungefika leo tu, hakuna tofali, hakuna bati, hakuna makofi ya Jumapili, ungewajengea watoto darasa kwenye ukingo ule? Kama jibu ni hapana, basi tofali zote zilizokwisha wekwa haziwezi kuligeuza kuwa ndiyo. Jasho la wazazi limeshatoka. Kuwaingiza watoto mule hakulirudishi.

Na yule anayekuletea habari mbaya, mkaribishe mezani kabla ya wale wanaokufurahisha. Mama Rehema hana faida yoyote ya kukupinga, alichopata ni kuchekwa. Mtu anayekubali kuchekwa ili akuambie jambo, msikilize mara mbili. Ukiona kikao kizima kinasema ndiyo kwa sauti moja, usifurahi, uliza nani hapa ana hofu na umwahidi kwamba hatachekwa, kisha unyamaze mpaka mtu aseme. Ufa uite ufa. Siku mambo yakienda vizuri, tafuta pia bahati ilikuwa na sehemu gani, usije ukajiona huwezi kukosea. Na usitoe amri yoyote siku uliyoaibishwa. Nenda nyumbani, ulale, uamke, kisha ndipo uamue. Kama Zakayo angekula tu wale samaki kwanza, Ramazani angekuwa mzee leo, angekuwa bado anaimba vibaya.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nije tena. Mke wako amemwambia mke wangu kwamba Prisca, binti yako, hataingia madarasa mapya. Umemwandikisha abaki kwenye jengo la zamani, upande wa barabara. Ulisema ni kwa sababu ya vumbi la saruji.

Dieudonné! Vumbi?

Sisemi kwamba ulidanganya. Nadhani hata wewe mwenyewe uliamini kwamba ni vumbi. Lakini ona, kuna sehemu ndani yako iliyomsikia Mama Rehema vizuri sana. Ilisikia ikamtoa mtoto wako, kisha ikanyamaza kuhusu watoto wa wengine. Zakayo naye alibaki juu.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nitakuja na kiti changu, nitakiweka chini ya ule ufa, na nitakaa hapo. Ukija kunitoa, njoo na Prisca umkalishe karibu nami. Ukiweza kufanya hivyo, nitaamini kwamba ukuta ni mzima, nitainuka, nami nitakuomba msamaha mbele ya wote. Ukishindwa, funga mlango wa madarasa yale, watoto wakasomee kanisani au chini ya turubai, na uwaambie wazazi kwamba ulikosea. Watanung'unika. Wengine watakucheka. Utaishi.

Nakuombea, mwanangu, kama ninavyomwombea marehemu mama yako. Mungu akupe watu wasiokuogopa. Akupe moyo wa kuvumilia aibu ndogo ya wiki hii, ili usikutane na ile kubwa niliyoiona ikisimama kando ya kaburi Mongbwalu. Akulindie Prisca akue, asome, akuzike akiwa mtu mzima. Na awalinde wale wengine wote ambao baba zao si rais wa komite.